Lori la Kampuni Mlimani: Kwa Nini Halivuti na Dereva Afanye Nini

Lori la semitrela nchini Marekani huruhusiwa kuwa na uzito wa jumla wa pauni 80,000 kwenye barabara kuu za shirikisho, yaani takriban tani 36.3, kichwa, tela na mzigo vikijumlishwa. Kwenye tambarare uzito huo hausikiki. Lori hukimbia maili 65 kwa saa, kama kilomita 105, na injini hunguruma kwa upole. Mambo hubadilika pale barabara ya I-84 inapoanza kupanda Cabbage Hill, mashariki ya mji wa Pendleton katika jimbo la Oregon, kwa mwinuko wa hadi asilimia 6. Mwendo hushuka hadi maili 50, kisha 40, kisha chini ya 30. Dereva hukanyaga mafuta mpaka mwisho na gari haliitikii. Kushoto kwake hupita lori la mtu binafsi lenye tela la urefu uleule, likipanda kwa kasi inayoonekana wazi kuwa kubwa zaidi. Hapo ndipo dereva wa kampuni husema gari lake halivuti.

Mara nyingi gari hilo ni zima. Mwendo wake mlimani umeamuliwa na uzito, na mwinuko, na vipimo ambavyo kampuni iliviagiza kiwandani kabla dereva hajakabidhiwa funguo, pamoja na mipaka iliyoandikwa ndani ya kompyuta ya injini. Wakati mwingine, hata hivyo, gari ni bovu kweli, na ubovu huo huchelewa kutengenezwa kwa sababu kila mtu amezoea kusema kwamba malori ya kampuni ndivyo yalivyo. Dereva anayeweza kuzitofautisha hali hizi mbili hupanda vizuri zaidi, hupanga saa zake vizuri zaidi, na akienda karakana husikilizwa.

Hesabu ya mlima

Kwenye tambarare, kwa maili 65 kwa saa, lori la tani 36 huhitaji takriban nguvu za farasi 200 kwenye magurudumu. Sehemu kubwa hutumika kuukata upepo, na inayobaki huliwa na matairi. Injini ya nguvu za farasi 450 huifanya kazi hiyo bila kutoka jasho, na dereva hujiona ana akiba kubwa chini ya mguu. Mlima huimaliza akiba hiyo upesi kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mwendo huohuo, kila asilimia 1 ya mwinuko hudai karibu nguvu za farasi 140 za ziada. Kwa hiyo mwinuko wa asilimia 2, ambao jicho la dereva huenda lisiuhesabu hata kuwa mlima, tayari unadai zaidi ya kile ambacho injini hiyo inacho, na mwendo huanza kupotea.

Kwenye asilimia 6 hali ni nyingine kabisa. Nguvu 450 zilizoandikwa kwenye karatasi za injini hazifiki zote barabarani. Sehemu hupotea kwenye giaboksi, kwenye difu, kwenye feni na kwenye vifaa vingine vinavyoendeshwa na injini, na magurudumu hupata kama 390. Nguvu hizo zikiinua tani 36 kwenye mwinuko wa asilimia 6 hutoa mwendo wa karibu maili 27 kwa saa, kama kilomita 44. Kwa hesabu hiyohiyo injini ya 500 hupanda kwa maili 30 hivi, na ile ya 600, inayopendwa na baadhi ya wenye magari yao, kwa maili 35 au 36. Kumbe lori linalompita dereva wa kampuni nalo linatambaa, ila linatambaa kwa kasi kidogo. Kulipandisha lori la uzito huu kwa maili 65 kwenye mwinuko kama huo kungehitaji injini ya karibu nguvu za farasi 1,200, na hakuna kampuni ya usafirishaji yenye sababu ya kuinunua.

Hisia ya udhaifu hutokana pia na mazoea ya gari dogo. Saluni ya tani 1.5 yenye nguvu za farasi 150 ina nguvu 100 kwa kila tani. Lori la tani 36 lenye nguvu 450 lina 12 na kidogo. Mtu anayetoka nyumbani kwa gari dogo na kupanda kichwa cha lori saa hiyohiyo hana budi kuanza upya kabisa kujifunza mlima ni nini. Mzigo nao hubadilisha kila kitu. Kichwa na tela tupu huwa na tani 15 au 16 tu, na hupanda mlima uleule kwa zaidi ya mara mbili ya mwendo wa lori lililojaa. Dereva aliyebeba karatasi za chooni jana na maji ya chupa leo atadhani gari limeugua usiku, kumbe tela ni lilelile na limejaa vilevile, isipokuwa shehena ya leo ni nzito maradufu.

Wapo madereva wengi wanaozungumza Kiswahili kwenye barabara hizi, na baadhi yao walianzia kwenye milima ya Kitonga, Tanzania, au Mai Mahiu, Kenya. Kwao ulinganisho ni wa namna nyingine. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa lori la ekseli saba, na lori kama hilo likiwa na injini ya nguvu za farasi 420 lina 7.5 tu kwa kila tani. Kwenye mwinuko wa asilimia 6 lingepanda kwa kilomita 27 kwa saa hivi. Kwa kipimo hicho lori la kampuni ya Marekani lina nguvu nyingi. Linaloumiza ni ukubwa wa anguko la mwendo. Tanzania na Kenya lori zito huwekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa na kila aliye barabarani anajua kuwa mlimani malori yatapanga foleni. Marekani mwendo wa lori huanguka kutoka 105 hadi 44 huku magari madogo yakipita kwa 110.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari huongeza mzigo wa aina yake. Kwenye handaki la Eisenhower, ambapo barabara ya I-70 inavuka Milima ya Rocky katika jimbo la Colorado, kimo ni karibu mita 3,400, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 30 kuliko ya pwani. Tabo huzunguka kwa kasi zaidi ili kuisukumia injini hewa ya kutosha, na injini za kisasa hustahimili vizuri hadi kimo fulani. Kupita hapo kompyuta hupunguza dizeli ili tabo isizidishe kasi yake na moshi usipate joto la kuharibu vyuma. Dereva hana la kufanya kuhusu hilo. Feni ya rejeta nayo huingia kazini wakati mbaya kabisa: gari linakwenda polepole, upepo wa mbele ni mdogo, injini inachemka, na feni ikishika huchukua zaidi ya nguvu za farasi 40 kutoka kwenye injini hiyohiyo inayohangaika.

Kampuni imenunua nini

Injini moja huuzwa kwa vipimo vingi. Detroit DD15 ya lita 14.8, iliyomo katika malori mengi ya Freightliner Cascadia, imekuwa ikiagizwa kwa nguvu za farasi kuanzia 400 hadi 505. Cummins X15 ya kundi lililotengenezwa kwa ajili ya kubana mafuta hupatikana kati ya 400 na 500. Chuma kwa sehemu kubwa ni kilekile, na kinachotofautisha ni maagizo yaliyomo kwenye kompyuta. Kampuni kubwa huagiza upande wa chini, mara nyingi kati ya 400 na 455.

Sababu ya kwanza ni dizeli, ambayo pamoja na ujira wa madereva ndiyo gharama kubwa zaidi ya biashara hii. Tuseme lori linakwenda maili 100,000 kwa mwaka na kupata maili 7 kwa galoni. Litakunywa karibu galoni 14,300. Likipata maili 7.5 litakunywa 13,300 na ushei, na tofauti ni galoni 950, yaani lita 3,600. Kwa kampuni yenye malori elfu moja hizo ni karibu galoni milioni moja kwa mwaka. Injini yenye nguvu kubwa si lazima inywe zaidi ikiendeshwa kwa utaratibu, lakini dereva mwenye nguvu huzitumia, na kampuni inayoajiri na kupoteza madereva kila wiki haiwezi kutegemea utaratibu wa kila mmoja. Kuna pia uchakavu. Msokoto (torque) mkubwa hula klachi, shafti na difu, na malori hayo hutakiwa kuuzwa yakiwa bado na thamani baada ya miaka michache. Uamuzi huo una mantiki. Kasoro yake ni kwamba anayeulipia kwa dakika zake na kwa uchovu wake ni dereva, hasa anayelipwa kwa maili, na kampuni nyingi hazijisumbui kumweleza.

Nguvu za farasi, hata hivyo, si kiini cha tatizo. Kiini kiko kwenye difu. Malori ya zamani yalifungwa difu ya uwiano wa 3.55 au zaidi, na kwa maili 65 injini ilizunguka takriban mara 1,450 kwa dakika. Malori ya kampuni ya leo hufungwa difu za 2.64, 2.28 na hata 2.16, na kwa mwendo huohuo injini huzunguka kati ya mara 1,150 na 1,250 tu. Kupunguza mizunguko hupunguza msuguano na huokoa dizeli, na kanuni za Marekani za kupunguza gesi joto kutoka kwa malori, zilizoanza na matoleo ya mwaka 2014 na kukazwa kwa matoleo ya 2021, zimewasukuma watengenezaji upande huohuo.

Athari yake mlimani inaeleweka kwa hesabu fupi. Nguvu ya injini ni msokoto ukizidishwa kwa mizunguko. Injini yenye msokoto wa futi-pauni 1,650, yaani kama niutoni-mita 2,240, hutoa nguvu za farasi 346 tu inapozunguka mara 1,100. Injini hiyohiyo huzifikia 450 zake karibu na mizunguko 1,450. Kwa maneno mengine, dereva anayepanda mlima akiwa bado kwenye gia ya juu, na mshale ukielekea 1,100, ameacha nguvu za farasi 100 bila kuzitumia. Injini haipigi kelele, haitetemeki, inasukuma kwa msokoto wake wote, na kwa sikio inaonekana inajitahidi. Lakini kinacholipandisha gari mlimani kwa kasi ni nguvu, na nguvu zinapatikana mizunguko ikipanda. Dereva aliyefundishwa kwamba injini za kisasa zinapenda mizunguko ya chini amefundishwa ukweli wa tambarare.

Mipaka ndani ya kompyuta

Kikomo cha mwendo ndicho kinachojulikana zaidi. Kampuni nyingi hufunga malori yao mahali fulani kati ya maili 62 na 68 kwa saa, na baadhi huweka vikomo viwili: kimoja kwa dereva anayetumia kruzi (cruise control) na kingine, cha chini kidogo, kwa anayekanyaga kwa mguu. Kikomo hiki hakipunguzi nguvu za injini mlimani, lakini humnyima dereva mbio za kuingilia mlima. Kwenye vilima vifupi vinavyofuatana, kama vile vya Missouri au magharibi ya Pennsylvania, mbio hizo ndizo zinazoamua kama lori litafika juu kwa maili 55 au kwa 40.

Kruzi inayosoma ramani ni jambo jipya zaidi na linalowakera madereva kuliko yote. Detroit, Volvo na wengine huuza mfumo unaojua sura ya barabara iliyo mbele. Lori likikaribia kilele, mfumo huanza kupunguza dizeli kabla ya kufika juu, kwa kuwa unajua mteremko uko mita mia chache mbele na utarudisha mwendo bure. Vilevile huacha mwendo uanguke maili kadhaa badala ya kushusha gia. Kwa dereva asiyejua, hisia ni ya gari linalokata pumzi pale hasa linapohitajika. Gari halijakata pumzi. Limeamua, kwa niaba ya kampuni, kwamba sekunde chache si kitu mbele ya kikombe cha dizeli.

Giaboksi za kujiendesha nazo zina tabia iliyowekwa. Nyingi hupangwa kwa hali ya kubana mafuta, hivyo huchelewa kushusha gia, na baadhi ya kampuni huzuia hali ya nguvu au huruhusu kubadilisha gia kwa mkono ndani ya mipaka fulani tu. Zipo injini zenye msokoto wa ngazi mbili, kwa mfano futi-pauni 1,550 kwenye gia za chini na 1,750 kwenye gia mbili za juu. Mlima ukilazimisha gia ya tatu kutoka juu, msokoto hushuka ghafla na dereva husikia kama kuna kitu kimeachia. Nguvu kamili bado ipo, lakini iko juu zaidi kwenye mizunguko.

Namna ya kupanda

Kazi huanza kabla ya mlima. Dereva anayeujua mwinuko ulio mbele huhakikisha amefika chini yake akiwa na mwendo wote unaoruhusiwa, bila lori jingine mbele ya pua yake. Kruzi inayosoma ramani huachwa kwenye vilima vya kawaida, ambako huokoa mafuta kweli. Kwenye mlima mrefu wa asilimia 5 au 6, au penye magari mengi nyuma, huzimwa na mguu huchukua kazi.

Mizunguko ikishuka kuelekea 1,200 na mlima ukiwa bado mrefu, gia hushushwa bila kusubiri. Kwa giaboksi ya kujiendesha, hali ya mkono huteuliwa mapema na kuishikilia injini kati ya mizunguko 1,400 na 1,600. Kubadilisha gia katikati ya mwinuko mkali hugharimu mwendo: katika sekunde moja au mbili ambazo klachi imeachia, lori la tani 36 hupoteza maili kadhaa kwa saa, na giaboksi inayosita kati ya gia mbili inaweza kupoteza kilichobaki. Ni afadhali kushuka gia mbili kwa mara moja na kutulia hapo kuliko kushuka moja, kujaribu kupanda, na kushuka tena. Mwendo ukishatulia, gia hiyohiyo hubaki hadi kileleni.

Joto huangaliwa wakati wote. Mshale wa maji ukipanda kupita kawaida, kupunguza mguu kidogo na kuendelea kwa mizunguko ileile hupoza injini kuliko kuilazimisha kwenye gia ya juu, kwa sababu pampu ya maji na feni huzunguka kwa kasi ya injini. Kiyoyozi kinachofanya kazi kwa bidii huiita feni mara kwa mara, hivyo kukizima kwa dakika chache za mwisho wa mlima kunaweza kurudisha nguvu, ingawa kwenye joto la jangwa la California afya ya dereva ni ya thamani kuliko maili mbili za mwendo. Lori hukaa njia ya kulia, au kwenye njia ya malori iliyoongezwa mlimani. Taa za tahadhari huwashwa mwendo unaposhuka mno, kwa kuzingatia sheria ya jimbo husika, maana majimbo hayafanani katika hili. Kwenye theluji mguu huwa mwepesi zaidi, kwa kuwa gia ya chini yenye msokoto mkubwa huyafanya magurudumu yateleze.

Muda nao upangwe. Mlima wa maili 10 ukipandwa kwa maili 30 kwa saa badala ya 65 huchukua dakika 20 badala ya 9, hivyo hasara ni dakika 11. Katika siku ambayo sheria inamruhusu dereva kuendesha saa 11, mlima mmoja hauharibu safari. Milima mitano ya namna hiyo katika safari moja ni karibu saa nzima, na dereva anayekadiria kufika kwa kugawanya maili kwa 65 atajikuta saa zimekwisha kabla ya maegesho. Ofisi inayopanga safari huwa haioni milima kwenye skrini yake, kwa hiyo makadirio ya mwenye usukani ndiyo ya kutegemewa, na yapelekwe ofisini kabla ya safari.

Upande wa pili wa kilele ndio wenye hatari. Tani zilizolemea kupanda zitasukuma kushuka, na gia inayofaa kuteremkia huchaguliwa juu, breki ya injini ikiwa imewashwa, kabla mteremko haujaanza.

Gari linapokuwa bovu kweli

Dalili ya kuaminika ni mabadiliko. Lori lililopanda mlima fulani kwa maili 30 likiwa na uzito fulani, kisha likaupanda kwa maili 20 likiwa na uzito uleule, halina kisingizio cha difu wala cha kompyuta ya kampuni. Kwa hiyo kumbukumbu ina thamani kubwa: jina la mlima, uzito kutoka kwenye karatasi ya mizani, gia, mizunguko, mwendo uliotulia, na kipimo cha shinikizo la tabo. Injini nyingi za kundi hili zikisukuma kwa nguvu zote huonyesha shinikizo la kati ya psi 25 na 35. Dereva akijua kipimo cha kawaida cha gari lake, kushuka kwa psi 8 au 10 ni habari kamili.

Shinikizo likiwa chini, huenda hewa inavuja. Mara nyingi ni mpira ulioachia kwenye bomba kati ya tabo na kipoza hewa kilicho mbele ya rejeta, au kipoza hewa chenyewe kimepasuka, na wakati mwingine husikika mluzi au mfoko wa hewa injini ikibeba mzigo. Zamani moshi mweusi ungelisema hilo waziwazi. Tangu malori yalipoanza kufungwa vichujio vya masizi mwaka 2007, moshi hauonekani tena, na masizi hayo hujaa ndani ya kichujio. Dalili ya leo ni taa ya kusafisha kichujio kuwaka mara nyingi kuliko kawaida. Lori linalojisafisha kila siku linajaribu kusema kitu, na kuendelea kubonyeza kitufe cha kulisafisha bila kutafuta chanzo ni kuahirisha bili kubwa zaidi.

Shinikizo likiwa la kawaida mwanzoni kisha nguvu zikififia kadiri mlima unavyoendelea, chujio la dizeli ndilo la kushukiwa kwanza. Injini inayopata dizeli ya kutosha kwenye tambarare inaweza kukosa inapodai kiasi kikubwa kwa muda mrefu. Katika majimbo ya kaskazini baridi kali huigandisha nta iliyomo kwenye dizeli na kuziba chujio, na dereva aliyejaza mafuta Texas na kuamka Minnesota mwezi wa Januari anastahili kulikumbuka hilo mapema.

Breki inayoshika hudanganya wengi, kwa sababu injini ni nzima na bado gari halivuti. Baada ya kusimama mahali salama dereva huzunguka gari na kulinganisha joto la magurudumu kwa kipimajoto cha kuelekeza, au kwa kusogeza kiganja karibu bila kugusa. Gurudumu moja lililo moto kuliko mengine, au harufu ya breki bila sababu, huhitaji fundi kabla ya maili nyingine, kwani hasara ya nguvu ni jambo dogo mbele ya hatari ya moto. Matairi yenye upepo mdogo huvuta nyuma kwa namna hiyohiyo, kwa kiasi kidogo zaidi. Feni iliyokwama hutambulika kwa mngurumo usiokoma hata asubuhi yenye baridi.

Kisha kuna upunguzaji wa nguvu unaofanywa na kompyuta kwa makusudi. Joto la maji, joto la hewa inayoingia, kichujio cha masizi kilichojaa, au hitilafu kwenye mfumo wa kimiminika cha kusafisha moshi, ambao umekuwa kwenye karibu malori yote mapya tangu mwaka 2010, huweza kukata sehemu ya msokoto. Kimiminika kikiisha kabisa au kikiwa kibovu, malori mengi yamekuwa yakishushwa kwa hatua hadi maili 5 kwa saa. Hapa taa huwaka kwenye dashibodi, na namba ya hitilafu iandikwe au ipigwe picha kabla ya kuzima injini.

Karakana ikipokea ujumbe usemao gari halina nguvu, huunganisha kompyuta, haikuti namba ya hitilafu, na kumrudishia dereva gari. Ikipokea ujumbe usemao kwamba kwenye mlima fulani, kwa pauni 78,000, kwenye gia fulani, mizunguko 1,450, gari lilitulia kwa maili 19 na shinikizo la psi 18 wakati wiki mbili nyuma lilikuwa 30, fundi ana pa kuanzia. Tofauti ya jumbe hizo ni dakika tatu za kuandika.

Jambo moja halifai kujaribiwa, nalo ni kuifungua kompyuta ya injini kienyeji ili kuongeza nguvu au kuzima mifumo ya kusafisha moshi. Sheria ya shirikisho ya hewa safi inalikataza, huvunja dhamana ya injini, na gari si la dereva.

Anayetafuta kazi, au anayefikiria kukodi lori kwa mpango wa kulinunua, anaweza kuyajua mengi ya haya kabla ya kutia saini. Huuliza nguvu za injini na msokoto wake kwa kila gia, uwiano wa difu, kikomo cha mwendo kwa mguu na kwa kruzi, na kama giaboksi inaruhusu hali ya mkono bila masharti. Difu ya 2.28 na injini ya 400 hufaa njia za Florida, Illinois au Texas, ambako lori hilo litampa dereva unafuu wa mafuta na safari tulivu. Kwa njia za Colorado, Oregon na Carolina ya Kaskazini, difu ya 2.64 na injini ya 455 au zaidi ni ombi la haki. Kwa anayelipa dizeli kutoka mfukoni mwake, hesabu ifanyike kwa njia atakazopita hasa, kwa sababu kila mwinuko wa njia hizo ataulipia yeye.